Kilima cha Unga

Jumamosi, 7 Juni

Jua kali. Hakuna mvua. Upepo kidogo, kutoka magharibi.

Naanza na hali ya hewa kwa sababu ndivyo nilivyozoea. Miaka kumi na moja nilifundisha darasa la tatu kule Uvira, na kila asubuhi kabla ya hesabu mtoto mmoja aliandika ubaoni tarehe, jua au mvua, na upepo umetoka wapi. Nimefika London, ubao sina, watoto sina, lakini mkono haujaacha. Sasa mwalimu ni mimi na mwanafunzi ni mimi, na hakuna anayechelewa.

Leo ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi, siku ya maombi ya mlimani. Jumapili kanisa letu hukodi ukumbi wa shule hapa Kilburn, lakini Mkongo mwenye shida hatosheki na ukumbi. Kwetu mtu hufunga, hupanda mlima, hulilia huko mpaka Mungu amgeukie. London haina milima ya maana. Pasta Aristote alizunguka na mabasi wiki nzima mpaka akakipata hiki kilima chetu, pembeni kabisa ya mji, pale basi linapogeuzia, katikati ya shamba la majani. Ni kilima cha aibu, ukweli usemwe. Kimo chake ni mtu mmoja, na kimeviringika kama bugali uliopinduliwa kwenye sahani. Lakini njia ya watu wote inapita pale, hakuna anayetufukuza, na juu yake kuna upepo hata siku ambayo kwingine hakuna.

Mimi nina changu pale. Mama yangu alipofariki, miaka minne iliyopita, sikuwa na karatasi za kusafiria. Walimzika bila mimi. Pasta alinipeleka kilimani akafanya ibada ya mazishi bila maiti, na Anne, mwenzangu wa kwaya, akaja kukaa nami pale siku tatu chini ya mwavuli, kama tungekaa matanga nyumbani. Mtu akiniuliza kaburi la mama liko wapi, nitamwambia Uvira. Lakini nikitaka kumsalimia, nashuka kituo cha mwisho cha basi.

Jumatatu, 16 Juni

Jua. Hakuna mvua. Mzee Jitendra, ninayemtunza, amekataa kuoga tena.

Jumamosi, 28 Juni

Jua. Hakuna mvua. Majani nyuma ya nyumba yamekuwa rangi ya mkeka.

Jumamosi, 5 Julai

Jua. Hakuna mvua, wiki ya nne sasa. Upepo wa magharibi.

Niandike polepole. Tulipovuka geti la shamba la kilima, Anne aliyekuwa mbele alisimama, akaweka chini mfuko wa chupa za chai. Shamba lote limekauka. Lakini juu ya kilima, katikati ya majani yaliyokufa, umelala msalaba wa kijani. Kijani kibichi, kama mtu ameumwagilia kila siku kwa kikombe. Na chini, kuzunguka kilima chote, kuna mviringo wa kijani.

Pasta alipiga magoti hapo hapo njiani. Watu walilia. Mimi pia nililia, siandiki uongo humu.

Machozi yalipokauka, mwalimu wa darasa la tatu akaamka ndani yangu. Niliupima kwa hatua. Tisa kwenda, tisa kukata. Mikono minne, yote sawa. Nikajiuliza, msalaba wa Yesu si una mguu mrefu? Nilimnong'oneza Anne. Akautazama, akasema kweli, huu ni kama ule wa duka la dawa pale Kilburn High Road. Tulicheka ndani ya kanga mpaka Mama Pasta, Chancelle, akatugeukia.

Wenzangu wamepiga picha mpaka simu zikazimika. Yangu kamera yake ilikufa siku niliyoiangusha kwenye ndoo ya deki. Mimi nimeandika tu: hatua tisa kwa tisa, mviringo hatua sitini na nane.

Jumapili, 6 Julai

Jua. Hakuna mvua. Jumapili iliyopita tulikuwa watu thelathini na wawili. Leo viti havikutosha, wengine wamesimama mpaka nje. Wametoka Woolwich, wametoka hata Birmingham. Pasta amehubiri kwamba ule mviringo ni taji la miiba.

Alhamisi, 10 Julai

Jua. Hakuna mvua.

Siku tatu kwa wiki namtunza Mzee Jitendra kule Kingsbury. Ana miaka themanini na sita, Mhindi wa Kisumu. Watoto wake wanaelewa Kiswahili lakini wanamjibu kwa Kiingereza, kwa hiyo Kiswahili chake chote amenibakishia mimi. Baba yake alikuwa na mashine ya kusaga posho, na yeye aliiendesha mpaka walipohama. Hapa, alipostaafu, yeye na marehemu mkewe walizunguka kijiji kwa kijiji kutazama vinu vya zamani. Wenzake walikwenda Makka na Benares, yeye alikwenda kwenye vinu.

Nilimwonyesha picha ambayo Anne alinitumia. Niliionyesha kwa majivuno, nakiri. Aliisogeza karibu na pua, kisha akasema:

"Mama, hii hapana ya Mungu. Hii ya unga."

Akanituma jikoni nilete miti miwili ya kusukumia chapati na kopo la biskuti. Akaipishanisha mezani, akaweka kopo juu. Zamani, akasema, miaka mia saba na zaidi, Waingereza walisaga ngano kwa kinu cha upepo: nyumba nzima ya mbao imesimama juu ya nguzo moja, na nguzo imesimama juu ya magogo mawili yaliyopishana. Ili kisianguke, magogo walikuwa wanayafukia kwa udongo mpaka kinakuwa kilima. Udongo wameuchimba pembeni, ndiyo ule mviringo. Upepo ukihama, watu wanaisukuma nyumba yote igeuke iukabili. Kinu kilikwisha, magogo yakaoza, lakini mashimo yake yalijaa udongo laini unaoshika maji. Kiangazi kikizidi, kila kitu kinakufa isipokuwa majani ya pale.

Nilikasirika. Nilimwambia Mungu anaweza kuchora popote anapotaka, na nilipomwogesha nikamsugua mgongo kwa nguvu kuliko kawaida. Lakini ndani ya treni nilihesabu tena. Mikono sawa. Mviringo. Kilima peke yake kwenye shamba tambarare. Niliposhuka Kilburn nilikuwa nimeshindwa.

Nitanyamaza. Msalaba haumdhuru mtu.

Jumamosi, 19 Julai

Jua. Hakuna mvua. Upepo hakuna.

Kuna tangazo la kaunsili, halmashauri ya hapa, kwenye geti, limefungwa kwa waya. Mwenye shamba anaomba kibali cha kusawazisha ardhi aweke makontena ya kuhifadhi mizigo. Maoni yanapokelewa mpaka tarehe 15 Agosti. Nimelisoma mara tatu. Kusawazisha. Mama yangu hata jina hana kwenye hilo tangazo, ni ardhi isiyo sawa.

Nilimpigia Mzee Jitendra nikiwa bado getini. Amesema kilima cha kinu ni kitu cha kale, na kaunsili ina mtu wa kuangalia vitu vya kale. Lakini mtu huyo haoti ndoto. Lazima aandikiwe.

Jumapili, 20 Julai

Jua. Hakuna mvua.

Baada ya ibada nilibaki kumsaidia Pasta kukunja viti, nikamweleza yote: kinu, magogo, tangazo. Alisikiliza vizuri, hakunikatiza. Kisha akauliza nimemwambia nani mwingine. Nikasema hakuna. Akasema Mungu aliyeuchora msalaba atautetea mwenyewe, na kuandika barua ni kukosa imani. Nikamwambia kaunsili haizuii makontena kwa sababu ya muujiza, ila kwa kinu itazuia.

"Dada Stéphanie," akasema, "watu wamekuja kwa ajili ya msalaba. Ukiwaambia ni kinu, watakwenda wapi?"

Nilimwangalia. Siku za kazi anasafisha vyoo vya ofisi, na vijana wa pale hawalijui hata jina lake. Miaka saba amehubiria watu thelathini. Sikuona mlaghai. Niliona mtu anayeogopa kurudi kwa watu thelathini. Nilimwonea huruma sana.

Nikarudi nyumbani, nikaandika barua.

Jumapili, 3 Agosti

Jua. Hakuna mvua.

Sikujua kwamba kaunsili huziweka barua kwenye mtandao, jina na kila kitu. Mtu ameiona. Leo Pasta ameisoma mbele ya kanisa, amegeuza Kiingereza changu kwa Kiswahili neno kwa neno, mpaka pale nilipoandika "hiki si kitu cha ajabu, ni mahali pa kusagia nafaka." Ukumbi ulinung'unika. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Nilisimama. Sikupanga kusimama, miguu ilinitangulia.

"Guu ni langu, Pasta," nikasema.

Basi amenitia chini ya nidhamu mpaka Krismasi. Nikae benchi la nyuma, nisiimbe, nisitoe ushuhuda. Na akawakataza wote kumpa mtu wa nje picha za msalaba. Hayo yote nilikuwa tayari kuyabeba. Ila nilimtafuta Anne kwa macho pale kwenye kwaya, naye akatazama viatu vyake. Hiyo ndiyo iliyoniuma.

Jumatano, 6 Agosti

Jua. Hakuna mvua. Anne hajapiga simu.

Jumapili, 10 Agosti

Jua. Hakuna mvua. Benchi la nyuma lina msumari. Nimekwenda, nimekaa juu yake, nimekaa wima.

Jumamosi, 16 Agosti

Jua. Hakuna mvua. Nimekwenda kilimani peke yangu. Msalaba upo, bado tisa kwa tisa. Nimemwambia mama kwamba nimefukuzwa kwaya. Yeye pia aliwahi kufukuzwa chama cha akina mama kwa sababu ya mdomo, hakuna mgeni hapa.

Alhamisi, 21 Agosti

Mawingu. Hakuna mvua.

Kaunsili wamejibu. Mtaalamu wa mambo ya kale atakuja kukikagua kilima tarehe 4 Septemba. Mzee Jitendra ameoga leo bila kuambiwa.

Jumapili, 31 Agosti

Mvua. Mvua kubwa, tangu asubuhi. Nchi yote imeiomba mvua hii na mimi peke yangu nimekaa dirishani naitukana.

Jumatano, 3 Septemba

Mvua.

Alhamisi, 4 Septemba

Mawingu. Mvua asubuhi. Upepo wa magharibi, mkali.

Mtaalamu anaitwa Lila, mwanamke wa makamo mwenye buti za mpira na maneno machache. Tulipovuka geti nilijua. Shamba lote ni kijani, kilima chote ni kijani. Msalaba umekwenda, kama hesabu iliyofutwa ubaoni kabla mkaguzi hajaingia.

Alizunguka, akapanda, akashuka. Akasema kinaweza kuwa kinu. Kinaweza pia kuwa rundo la udongo ambalo mtu alilimwaga miaka hamsini iliyopita. Ripoti yake inatoka tarehe 15, na hawezi kuandika "labda."

Nikatoa daftari hili kwenye mfuko. Nilimfasiria ukurasa kwa ukurasa pale pale kwenye upepo: lini mvua iliacha, lini msalaba ulitoka, hatua ngapi, lini mvua ilirudi. Hayo ya Pasta na msumari niliyaruka. Alipiga picha kila ukurasa. Aliniuliza ni nani aliyenifundisha kuweka kumbukumbu hivi, nikamwambia mimi ndiye niliyefundisha wengine.

Lakini daftari halitoshi. Anataka picha, nyingi, zenye tarehe, zinazoonyesha geti au ule mti wa pembeni, ajue ni hapa na si kwingine. Ile moja niliyo nayo ni majani matupu. Akasema bila picha hizo hana la kufanya, na alisema kwa masikitiko.

Picha zipo. Zimo mifukoni mwa watu mia mbili waliokatazwa kunipa.

Jumapili, 7 Septemba

Manyunyu. Upepo wa magharibi.

Nimevunja nidhamu.

Wakati wa ushuhuda Pasta aliuliza kama kuna mwenye neno. Nilitoka benchi la nyuma nikapita katikati ya ukumbi. Mzee wa kanisa akanizuia kwa mkono, nikamwomba ruhusa kwa heshima, nikaupita mkono. Pasta alisema jina langu mara moja. Sikusimama mpaka nilipofika mbele, nikawageukia watu, nikazungumza kama darasani, bila kupiga kelele.

Niliwaambia tingatinga halijui msalaba. Niliwaambia msalaba umefutika kwa mvua, waende wakaone, na sasa ushahidi wote uliobaki duniani uko ndani ya simu zao. Niliwaambia nahitaji picha, na siku nane tu zimebaki. Mtu akanirushia kutoka pembeni kwamba nimemtoa Mungu kilimani nikamweka mwenye kinu.

"Kila Jumapili humu ndani mnaomba, utupe leo mkate wetu wa kila siku," nikamjibu. "Pale ndipo mkate wenyewe uliposagwa. Miaka mia saba kabla yetu kuna watu walipanda pale na njaa zao, wakashuka na unga. Sisi tumepanda na njaa zetu. Nani kati yenu alishuka mikono mitupu?"

Nilirudi kwenye msumari wangu. Pasta alitangaza wimbo, na kwaya ikachelewa kuuanza.

Jumatatu, 8 Septemba

Mvua. Hakuna picha.

Jumanne, 9 Septemba

Mvua. Hakuna picha. Mzee Jitendra anasema nisubiri, unga mzuri hausagwi kwa haraka. Nimemwambia mimi si gunia la mahindi.

Jumatano, 10 Septemba

Jua kidogo baada ya mvua.

Jioni mlango umegongwa. Anne, na sufuria ya sombe, majani ya muhogo kama ya nyumbani, imefungwa kwa kitambaa. Hakuomba msamaha, aliuliza kama nina wali. Tulipokuwa tunakula akanisogezea simu yake: picha sita, tarehe 5 Julai, geti linaonekana, mti unaonekana. Zote sita yeye mwenyewe yumo mbele anatabasamu, msalaba uko nyuma ya bega lake. Nilimwambia uzuri wake utaingia kwenye kumbukumbu za serikali. Hapo ndipo alipoanza kulia, nami nikalia, na sombe ikapoa.

Kabla hajaondoka simu yangu ilianza kulia bila kukoma. Picha moja, mbili, tano, kumi, mpaka arobaini na tatu, kuanzia Julai mpaka mwisho wa Agosti, kila Jumamosi. Zimetoka kwa Chancelle, Mama Pasta. Kumbe kila wiki alikuwa anakwenda, alfajiri, kabla ya watu. Chini ameandika maneno machache: "Mume wangu nitamweleza mwenyewe. Mimi pia nina mtu pale."

Miaka minne nimemwona mwanamke wa kugeuka na kututazama vibaya tukicheka. Sikuwahi hata siku moja kumuuliza anamlilia nani.

Ijumaa, 26 Septemba

Jua. Upepo wa magharibi.

Picha zote nilimpelekea Lila kabla ya tarehe 15, na kwa hizo amepata ruhusa ya kuchimba mtaro mmoja mwembamba. Mimi na Anne tulimleta Mzee Jitendra kwa kiti chake cha magurudumu, tukamsukuma juu ya majani huku akitulaumu kwa lugha tatu. Nusu mita chini rangi ya udongo ikabadilika. Palionekana mstari mweusi, mnyoofu, na mwingine unaoukata. Pembeni yake likatoka jiwe la kusagia, kipande cha ukubwa wa sahani, lina mifereji iliyochongwa.

Lila alimruhusu Mzee alishike. Alipitisha kidole kwenye mfereji mmoja baada ya mwingine, akasema hata lao la Kisumu lilichongwa hivi. Kisha akalinusa, akatangaza kwamba bado lina unga. Mwongo mkubwa. Mimi pia nikalinusa.

Alhamisi, 2 Oktoba

Mvua. Kaunsili wamekataa. Makontena hayawekwi, na kilima kisiguswe na mtu yeyote. Nimeisoma barua kwa sauti ndani ya treni, abiria wanitazame wakitaka.

Jumamosi, 4 Oktoba

Mvua ndogo. Upepo wa magharibi, mkali.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Nilidhani tutakuwa wawili. Tulikuwa ishirini na saba, na wa ishirini na nane alikuwa Pasta Aristote, akipanda nyuma ya mkewe, mikono mfukoni. Wale wa Birmingham hawakuja. Hakusema lolote juu ya kinu, wala hakuniomba radhi, nami sikuitarajia. Alinisalimia, akaniuliza habari za Mzee.

Tuliomba. Tulipofika "utupe leo mkate wetu," sauti yake ilikatika. Ishirini na saba tulisubiri kwenye upepo. Akainama, akaweka kiganja chake chini, juu ya udongo wa mtaro uliofukiwa, akakiacha hapo. Halafu akamalizia kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake.

Kikafuata kimya cha kusubiri wimbo. Anne aliniangalia, safari hii hakutazama viatu. Pasta naye aliniangalia. Nidhamu yangu inakwisha Krismasi, na hakuna aliyeifuta.

Niliugeukia upepo, nikaanza kuimba.